Siku Niliyochuna Waya kwa Wakwe

Nianze kwa kukiri: kuna barabara moja pale Kinoo ambayo mimi siipiti nikiwa nimeinua kichwa. Sikuiba kitu pale wala sikukimbia na mke wa mtu. Ni mambo ya waya tu, waya wa maikrofoni, na ubaya ni kwamba siku hiyo nilikuwa nimevaa suti na watu wote walikuwa wamekuja kuniangalia mimi. (Chekeni mapema kabisa, ili tukifika katikati mnipe nafasi nimalize.)

Mnanijua, mimi ni karani, nashinda nimekalia kiti nikipiga mihuri makaratasi ya mizigo, lakini pale plotini kwetu Satellite nina cheo kingine. Pasi ikikataa kushika moto, naitwa. Taa ya ngazi ikizimika, naitwa. Chuo cha ufundi sikukanyaga, niliangalia tu mafundi wakifanya, na kitu cha kwanza nilichojifunza kwao ni kwamba waya hauchunwi kwa kifaa, unachunwa kwa meno: unauma ganda la plastiki polepole, unazungusha, unavuta, shaba inatokea, unatema, umemaliza. Fundi asiyetumia meno kwetu anaonekana kama mtu ambaye bado anajifunza.

Sasa hapo pana jambo ambalo lazima niliseme hata kama linaniuma. Jino langu moja la mbele si langu. Nililing'oa nikiwa kidato cha tatu, nikifungua soda kwa mdomo ili nimfurahishe msichana fulani (alifurahi, alicheka wiki nzima), na tangu hapo nina jino la bandia, lile la kuvaa na kuvua, ndiyo maana waya mimi huuma kwa meno ya pembeni. Wambui, mchumba wangu, hakujua. Miaka miwili ya kupendana, kanisa moja, yeye anakaa kwao Kinoo na mimi kwangu Satellite, na kila nikisema leo namwambia, nilikuwa nikimwona anavyonitazama nikicheka, basi naahirisha. Niliogopa sana. Nilikuwa na hakika siku akijua ataniona mtu mwingine, na mimi yule mwanamke nilimpenda kuliko nilivyojipenda mwenyewe.

Tukaja kwa baba yake. Siku ya kwanza nilipoenda kwao kujitambulisha, birika la stima lilikataa kuwaka, na mimi kwa kiherehere changu nikasema leteni hapa. Nikafungua plagi, nikatia waya mdomoni. Kumbe Baba Wambui, aliyekuwa ameketi pale na gazeti lake, ni fundi wa stima mstaafu, mtu ambaye ameweka nyaya kwenye nusu ya nyumba za Kinoo. Gazeti likateremka.

"Kijana," akasema, "hayo meno ulipewa ya kazi ingine. Mtu anajiita fundi na hana kitu ya kuchuna waya, huyo anadanganya. Na akidanganya kwa kitu kidogo hivi, kwa kubwa itakuaje?"

"Ninayo mzee," nikajibu haraka. "Nimeiacha tu nyumbani."

"Sawa. Siku ya ngurario ukuje nayo niione."

Akarudi kwenye gazeti lake. Wambui aliniambia baadaye alikuwa akinitania tu, lakini mimi nililichukua kama mtihani wa taifa.

Basi siku moja kabla ya ngurario (ile sherehe yetu ya mwisho, ambapo mbuzi wanachinjwa, bwana harusi anakata nyama ya bega mbele ya watu na ndoa inakuwa imefungwa kimila) nikateremka mpaka Ngara, kwenye duka la vifaa la Bwana Twalib, mtu wa Mombasa, mpole, kofia yake safi, sauti yake ya chini. Nikamweleza shida. Akafungua droo, akatoa kikoleo kidogo cheusi, hakina hata mapambo, mdomoni kina vitundu vilivyopangwa kutoka kidogo mpaka kikubwa, kila kitundu na namba yake.

"Mwanangu, hiki hapa," akasema. "Watazama waya wako waenea tundu lipi, wabana, wazungusha kidogo, wavuta. Ganda chalikata, shaba chaiacha salama. Hata mtoto hakosei."

Hapo ndipo ningelipa na kwenda zangu. Lakini jicho langu lilikuwa limeshapanda kwenye ukuta wake, ambapo palining'inia kitu kikubwa, chekundu na manjano, kina springi, kina meno mawili yanayosogea yenyewe, na ukikibana kinalia krak kama bunduki ya sinema. Nikamwambia nataka kile. Akakitazama, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

"Hicho ni kizuri pia, lakini chataka kurekebishwa. Waona kifundo hiki? Waya mwembamba, wakizungusha huku. Waya mnene, huku. Na kwanza ujaribie kwenye kipande kibovu, usianzie kwenye kazi ya watu."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia "kizuri pia" peke yake. Nilikuwa nikiwaza vile nitakitoa mfukoni mbele ya Baba Wambui, kikoleo kidogo cheusi kingeonekana saa ngapi? Nikabeba ile mashine nyekundu nyumbani, nikaibana hewani mara thelathini hivi, krak krak krak, nikaridhika kabisa na kwenda kulala. Waya hata mmoja sikuujaribu.

Siku ikafika. Hema limewekwa kwenye kiwanja cha kwa kina Wambui, watu kama mia mbili, kina mama wa kanisa na sare zao, wazee wetu upande huu, wazee wao upande ule, na mimi katikati nimevaa suti ambayo upande mmoja imevimba kwa sababu ya mashine. (Shangazi mmoja aliniuliza kwa upole kama ninaumwa.) Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Tulikuwa tumebakisha lile swali tu, lile ambalo baba humwita binti yake mbele ya watu wote na kumuuliza kama mbuzi za huyu kijana ziliwe ama zirudishwe. Binti akisema ziliwe, umepata mke. Akinyamaza, chukua mbuzi zako.

Sasa ile maikrofoni isiyo na waya ikaisha betri. Mtu wa spika akaleta nyingine ya waya, waya wenyewe hatua tatu hivi, kisha akaenda steji ya matatu kutafuta betri. Hajafika hata kwenye geti, wazee wakasogeza meza, mguu wa meza ukaukanyaga waya ukakatika, na MC wetu, Kimotho, akabaki anafungua na kufunga mdomo bila sauti.

Yule mtu alikuwa anarudi baada ya dakika kumi. Dakika kumi tu, jamani, watu walikuwa na soda, nani angekufa? Lakini mimi nilimwona Baba Wambui akiangalia ule waya, kisha akaniangalia mimi, na nikasimama.

Baba mdogo wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, akanivuta koti. "Keti chini! Bwana harusi hashiki kazi kwa wakwe, wewe leo ni wa kukaa kimya."

"Ni dakika moja, baba mdogo."

Nikatoa mashine mfukoni, nikaiinua juu kabisa, nikaibana, krak! Kina mama wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga vigelegele. Baba Wambui akatikisa kichwa kidogo, ile ya kusema haya tuone. Nilijisikia mwanaume kamili. Nikazima mashine ya spika, nikapiga magoti nyuma ya spika kubwa, nikaanza kazi.

Kumbukeni kwamba waya wa maikrofoni si waya wa pasi. Ndani ya lile ganda la nje kuna viwaya viwili vyembamba sana, vimezungukwa na nyuzi laini za shaba kama nywele, na mashine yangu ilikuwa imewekewa waya mnene, vile ilivyotoka dukani. Nikatia waya, nikabana, krak, ganda likatoka na viwaya vyote vikatoka nalo. Nikabaki na kipande mkononi. Nikasema haidhuru, ni mara ya kwanza. Nikakata shibiri moja ili nianzie mahali pasafi, nikatia tena, krak, vyote vikatoka. Nikakata shibiri nyingine. Nikahamia upande wa pili wa waya, nao nikaukata. Kifundo sikukikumbuka hata kidogo, niliamini tu kwamba sibani kwa nguvu ya kutosha, kwa hivyo kila mara nilibana zaidi, na kila nikibana, kina mama wakisikia krak wanapiga vigelegele. Mara ya saba nikatazama chini. Nilikuwa nimezungukwa na vipande vya waya kila upande, na ule waya wa hatua tatu sasa haufiki hata urefu wa mkono wangu.

"Bwana harusi, tunaweza kuendelea?" Kimotho akaniita kwa sauti ya kawaida, na watu wakacheka.

Jasho likanitoka. Nikatazama huku na huku, spika imenificha, Baba Wambui hanioni. Nikajiambia mara moja tu, haraka, kama tunavyofanya nyumbani, nani atajua? Nikatia waya mdomoni. Lakini ulikuwa mfupi mno, nikiupeleka kwa meno ya pembeni kichwa cha maikrofoni kinanigonga shavu na hakuna nafasi ya kuvuta. Basi nikauhamishia kwenye meno ya mbele. Nikauma, nikazungusha, nikavuta polepole. Ganda halikusonga. Nikavuta kwa nguvu.

Ganda likatoka vizuri sana, nyuzi zote zima, kazi safi ambayo ungeweza kuonyesha wanafunzi. Na jino likatoka pia. Nililiona likiruka, likapita juu ya bega langu, na likaangukia kwenye nyasi.

Sikujua nifanye lipi kwanza. Kimotho alikuwa anakuja, kwa hivyo nikasokota zile nyaya haraka, nikafunga utepe, nikawasha mashine ya spika. Kimya. (Kumbe ile mashine ni ya zamani, huchukua muda kidogo kabla ya kuamka.) Nikadhani nimeshindwa, nikaiacha maikrofoni hapo chini, nikainama na mikono miwili nikipapasa nyasi na kuomba, maana nilikuwa nimefika mahali pa kuomba.

"Mungu wangu thaidia," nilikuwa nikisema, "hiyo jino imeenda wapi? Wambui athijue, baba tafadhali, Wambui athijue!"

Nikasikia mtu mwingine akisema maneno hayo hayo, kwa sauti kubwa ajabu, juu ya mabati ya Kinoo. Ilichukua kama sekunde mbili nitambue kwamba yule mtu ni mimi. Spika zilikuwa nne. Nadhani hata waliokuwa wakisubiri gari kule Waiyaki Way walijua kwamba Wambui hafai kujua.

Kimotho akafika, akachukua maikrofoni, na kwa sababu waya ulikuwa mfupi hivyo ilibidi apige goti kando yangu. "Wapendwa," akatangaza kwa ile sauti yake ya harusi, "bwana harusi amepoteza jino. Ni ya mbele. Mtu asisongeshe kiti."

Mnajua watu wetu, hawawezi kuona shida wakakaa. Kina mama wakainua sketi za sare, wakashuka kwenye nyasi, wazee wakaanza kupekua kwa bakora zao, watu mia mbili wameinama, na mimi nimekaa katikati nimefunga mdomo kwa kitambaa cha suti. Nyanya yake Wambui ndiye aliyeliona. Akaliokota, akaliangalia kwa makini, kisha akageuka kando, akaingiza kidole mdomoni mwake akahesabu. "Si yangu," akasema. "Lazima ni ya kijana."

Mimi wakati huo sikuwa nacheka, naomba mjue hivyo. Nilikuwa nimewaona wazee wetu wameinamisha vichwa, na baba mdogo ameshaanza kutazama upande wa mbuzi kama mtu anayepanga safari ya kurudi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilijua nimempoteza.

Baba Wambui akaja mpaka pale nilipo. Akaokota ile mashine nyekundu, akaigeuza, akatazama kifundo, akakizungusha mara moja tu kwa kidole gumba. Akachukua kimojawapo cha vile vipande vyangu, akatia, akabana. Krak. Ganda likatoka lenyewe, viwaya vikabaki vimelala vizuri. Akanionyesha.

"Mashine ni nzuri," akasema. "Ni wewe hukuuliza inatumika namna gani."

Halafu akaitisha maikrofoni, na kwa sababu ya kazi yangu yule mzee wa watu, kwenye sherehe ya kifunguamimba wake, ilimbidi ainame mpaka kiunoni kama anayekunywa maji ya mfereji. "Wambui," akaita akiwa ameinama hivyo, "umeona. Hizi mbuzi zikuliwe ama zirudi Satellite?"

Wambui akatoka kwa kina dada zake akiwa amejitanda shuka za bibi harusi, akatembea polepole, watu wakimpisha. Hakwenda kwa baba yake. Alikuja kwangu.

"Toa kitambaa," akaniambia.

Nikatoa.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akachungulia, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, na Kimotho (sitamsamehe maishani) akatusogezea maikrofoni.

"Kwa hivyo si vidonda vya tumbo," Wambui akasema.

"Nini?"

"Miaka mbili nakununulia mahindi choma unasema una vidonda vya tumbo. Nimekuombea hiyo tumbo, Mureithi. Nimefunga kula juu ya hiyo tumbo."

"Nithamehe," nikasema, na hema zima likasikia nilivyolisema.

"Jino si kitu. Mbona ulinificha?"

"Niliogopa utaniacha." Hilo lilikuwa la kweli, na machozi yakanilengalenga mbele ya wakwe, na nikaona haidhuru, kilichobaki cha kuficha ni nini sasa?

"Kuna kitu ingine si yako?" akauliza. "Sema sasa, kabla sijajibu."

"Hakuna."

"Nywele?"

"Ni zangu."

"Miguu?"

"Wambui, tafadhali."

Akanitazama kwa muda mrefu, mrefu kweli, mpaka mbuzi mmoja akalia kule nyuma. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko alichokuwa amekizuia tangu alipoisikia ile sala yangu kwenye spika, kikamshinda, akacheka mpaka akashika bega langu asianguke. Kisha akajifuta macho kwa shuka, akainama kwenye maikrofoni karibu na baba yake.

"Baba, kuleni," akasema. "Lakini nyama ya huyu mmkatie vipande ndogo ndogo."

Nilivyokata nyama ya bega siku hiyo hata siwezi kuwaeleza vizuri, najua tu nilikuwa na furaha na kwenye picha zote mdomo wangu umefungwa. Mtu wa spika alirudi na betri zake mara tu baada ya hapo, akaukuta waya wake, akauliza ni nani, na watu mia mbili wakanionyesha kwa kidole.

Sasa mnaoniuliza juu ya kuchuna waya, nitawaambia ninavyowaambia wote. Nunueni kile kidogo chenye vitundu, jaribuni kwenye kipande kibovu, na waya usikaribie mdomo wako hata siku moja. Hilo ni la mafundi. La kwangu mwenyewe nililiapa usiku huo huo mbele ya Wambui, mkono juu ya Biblia na jino ndani ya glasi mezani: sitamficha tena mke wangu kitu chochote kinachoweza kung'oka.